Nyigu wakubwa wa Asia: wameisha kweli, na kipi hasa cha kuogopa?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi nafuga nyuki, nina mizinga sita nyuma ya nyumba. Mwanangu kanionyesha video ya wale nyigu wakubwa wenye kichwa cha njano, wanawakata nyuki vichwa mpaka chini panajaa maiti. Sasa mmoja ananiambia wanaua na watu, mwingine anasema Marekani wameshawamaliza kabisa, mwingine tena anasema wamesambaa Ulaya nzima. Nimechanganyikiwa. Ukweli ni upi, na nikimwona mmoja nifanyeje? Mwaka jana huyu mtoto aliumwa na nyigu wa kawaida akavimba uso mzima, ndio maana sina amani."

Marahaba dada. Swali lako nimelisoma mara mbili na pale mwisho ulipomtaja mtoto ndio pamenishika kuliko hata mizinga, nitafika huko, tafadhali usiishie njiani.

Kwanza tutenganishe wadudu. Hao watu watatu waliokuchanganya wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea mdudu wake. Hawa nyigu wakubwa kwa Kiswahili chetu ni mavu, na katika habari hii kuna mavu wa aina mbili wanaochanganywa kila siku.

Wa kwanza ndio huyo wa kwenye video, jina lake la kisayansi ni Vespa mandarinia, na ndiye mkubwa kuliko mavu wote duniani. Kwao ni Japani, Korea, China na maeneo ya jirani. Kibarua wake, yaani jike anayefanya kazi za kiota, ana sentimita 3.5 hadi 4, malkia anafika 5, akikunjua mabawa unapata sentimita 7 na kitu. Mimi nimewahi kumshika mmoja aliyekaushwa akachomekwa pini kwa ajili ya kufundishia, na kilichonishangaza sio urefu, ni kichwa. Ni kipana kupita kifua, rangi ya chungwa iliyoiva, macho meusi yamekaa mbalimbali pembeni, na chini kuna mataya meusi mazito kama koleo. Ukimtazama usoni unaelewa moja kwa moja kwamba silaha yake kwa nyuki ni taya, mwiba anautunza kwa ajili ya kutetea nyumba yake.

Wa pili ni mdogo zaidi, Vespa velutina, mavu mwenye miguu ya njano. Kibarua wake ana kama sentimita 2.5 hivi, mwili mweusi, tumboni mkanda mmoja wa rangi ya chungwa karibu na mwisho, na miguu ni kama ameichovya kwenye rangi ya njano. Huyu ndiye aliyesambaa Ulaya. Yule mkubwa ndiye aliyetokomezwa Marekani. Ukishawatenganisha hivyo kelele nusu inaisha.

Sasa ya Marekani, maana ina somo kubwa na watu wanaipita haraka. Mavu mkubwa alionekana Amerika Kaskazini Agosti 2019 huko Nanaimo, kisiwa cha Vancouver, Kanada. Mwezi uliofuata kiota kikapatikana ardhini kikaharibiwa, na mfugaji nyuki mmoja kati ya waliokifuata usiku alidungwa mara kadhaa kupitia suti ya nyuki pamoja na nguo alizovaa ndani yake. Desemba mwaka huohuo akaonekana Blaine, jimbo la Washington, ni hapo jirani tu ukivuka mpaka, kila mtu akadhani ni walewale wamehama. Vinasaba vilipopimwa ikaonekana yule wa Kanada anafanana na mavu wa Japani na yule wa Washington anafanana na wa Korea Kusini, kwa maana hiyo waliingia mara mbili, kila mmoja kwa njia yake. Kwa sisi watu wa wadudu hiyo ndio habari ya kukosesha usingizi, sio ukubwa wa mwiba.

Ngoja nikueleze kwa nini. Kiota cha mavu ni cha mwaka mmoja tu, baridi ikiingia vibarua wote wanakufa na malkia mzee anakufa. Wanaobaki ni malkia vijana waliozaliwa mwisho wa msimu, wakapandwa na madume, halafu kila mmoja akaenda kujificha peke yake ndani ya gogo bovu au udongo au ufa wowote mkavu, analala humo miezi mpaka joto lirudi. Yuko peke yake, halii, hatembei, lakini tumboni amehifadhi mbegu za dume za kuanzishia ukoo mzima. Sasa chukua hilo gogo au huo udongo, uupakie kwenye kontena uvuke nao bahari. Hakuna atakayesikia chochote. Siku akiamka anatoka nje, anatafuta shimo la panya lililoachwa au mti wenye tundu, anatafuna mti uliooza anatengeneza vyumba kama vya karatasi, anataga, anawinda mwenyewe, analea mwenyewe, mpaka vibarua wa kwanza watoke wamsaidie. Kwa hiyo unapowaza uvamizi usiwaze wingu la wadudu linavuka mpaka, waza mmoja aliyelala.

Washington waliweka mitego ya chupa yenye juisi ya machungwa na mvinyo wa mchele, wakaomba wananchi waweke majumbani kwao pia. Kupata mavu kwenye mtego ilikuwa afadhali, ila kupata kiota ndio kazi yenyewe, maana mavu mmoja aliyekufa kwenye chupa hakuambii ametoka wapi. Oktoba 2020 wakafanikiwa kunasa walio hai, walishajaribu kabla kumgandishia mmoja kifaa kidogo cha redio kwa gundi ikashindikana, safari hii wakakifunga mwilini mwake kwa uzi ule wa kusafishia meno, wakamlisha jemu ya stroberi apate nguvu ya kuruka, wakamwachia na wakamfuata kwa miguu porini wakisikiliza mlio wa kifaa mpaka ukawafikisha kwenye mti mmoja wenye tundu. Juu kidogo ya kimo cha mtu mavu wanaingia na kutoka. Tarehe 24 Oktoba wakarudi asubuhi na mapema wamevaa suti nene, wakaufunga mti kwa povu na plastiki wakaacha tundu moja, wakawafyonza mavu kwa mashine wakiwa hai.

Walipoupasua ule mti baadae wakakuta kama mavu 500 wa rika zote, kuanzia mayai mpaka waliokomaa. Katika hao karibu 200 walikuwa malkia, ukihesabu na waliokuwa bado pupa, yaani hawajageuka kuwa mavu kamili, ndani ya vyumba vyao. Yaani wangechelewa wiki chache tu wangekuta mti mtupu na malkia wameshatawanyika kulala. Wengi wao wangekufa kabla ya msimu mpya, ndivyo ilivyo kwa wadudu, lakini hata wakibaki kumi tu hiyo ni viota kumi.

Mwaka 2021 wakapata viota vingine vitatu eneo hilohilo, kimojawapo kilikuwa na karibu 1,500 wa rika zote. Baada ya hapo kimya. Wakaendelea kutega miaka mitatu bila kupata hata mmoja, na Desemba 2024 ikatangazwa rasmi kwamba mavu mkubwa ametokomezwa Marekani. Kwa hiyo aliyekuambia wamewamaliza hajakudanganya. Na kitu kimoja nakuomba ukishike, viota vyote vile vilipatikana kwa sababu mwanzo wake kulikuwa na taarifa ya mwananchi wa kawaida, mtu aliona mdudu wa ajabu akapiga picha akapiga simu. Serikali ilikuwa na mitego lakini macho yalikuwa ya watu.

Ufaransa hawakubahatika hivyo. Mavu miguu njano aligundulika huko 2004 mkoa wa Lot-et-Garonne kusini magharibi, inaaminika aliingia na shehena ya vyungu kutoka China, na vinasaba vinaonyesha yawezekana kabisa ni malkia mmoja tu aliyekuwa amepandwa na madume kadhaa. Mmoja. Kutoka hapo akawa anasogea kilometa 60 hadi 80 kwa mwaka, 2010 yuko Hispania, 2011 Ureno na Ubelgiji, 2012 Italia, 2014 Ujerumani, 2016 akaonekana Uingereza. Hata Marekani nako, wakiwa bado wanamfuatilia yule mkubwa kule Washington, Agosti 2023 huyu wa pili akaonekana upande mwingine kabisa wa nchi, jimbo la Georgia karibu na Savannah. Tofauti ya Washington na Ufaransa sio kwamba mdudu mmoja ni mjinga. Wa Ufaransa anajenga juu kabisa mitini, majani yakiwa mengi humwoni, kiota kimoja kwa msimu kinaweza kutoa maelfu ya vibarua na mamia ya malkia, na mpaka watu wanashtuka alikuwa ameshaenea.

Haya, sasa nyuki. Nikupeleke mlangoni pa mzinga uone inavyokwenda, kwa sababu video inakuonyesha mwisho tu.

Tuanze na yule mkubwa. Mwanzo anakuja mavu mmoja. Ni mwisho wa kiangazi cha huko au mwanzo wa vuli, kiota kimejaa mabuu yanayotarajiwa kuwa malkia na madume, yanataka protini nyingi kwa haraka. Huyu mmoja anadaka nyuki, anamkata kichwa, miguu, mabawa, anabaki na kile kifua chenye misuli, anakitafuna mpaka kinakuwa kidonge anaondoka nacho. Yeye mwenyewe hali hiyo nyama, mavu mzima hawezi kumeza chakula kigumu, analisha mabuu na mabuu ndio yanamtemea kimiminika cha kumpa nguvu. Kwa hiyo ukimwona anawinda ujue kuna midomo nyumbani inamsubiri. Mpaka hapo mzinga unapoteza nyuki mmoja mmoja, unaweza kuvumilia. Hatari inaanza pale anapopaka harufu. Ana tezi chini ya ncha ya tumbo, anaisugua karibu na mlango wa mzinga, na hiyo harufu inawaita wenzake wa kiota kimoja waje hapohapo.

Wakishafika kadhaa mambo yanabadilika kabisa, hawabebi tena nyama, wanaua tu na kuacha. Mavu mmoja anaweza kuua hata nyuki 40 kwa dakika, na kundi la mavu kama 30 linamaliza mzinga wa nyuki 30,000 kwa saa chache. Nyuki wa asili ya Ulaya hawajakulia na huyu adui kwa hiyo wanatoka kupigana mmoja mmoja kama wanavyopigana na kila mtu, na mwiba wa nyuki unateleza tu kwenye lile gamba. Kila anayetoka anakatwa. Wakiisha, mavu wanaingia ndani na hapo ndio uporaji wenyewe, hawana shida na asali yako, wanataka majana, yaani watoto wa nyuki, kwa siku kadhaa wanayabeba yote kuyapeleka kwao. Na hapa nikusisitizie kama mfugaji: katika siku hizo wanaulinda ule mzinga kama kiota chao. Mtu akienda kuchungulia mizinga yake akiwa hajui kilichotokea anapokelewa kama aliyevamia nyumba ya mavu. Kwa hiyo ukikuta maiti za nyuki zimekatwa vichwa zimejaa mbele ya mzinga, usifungue kifuniko, rudi nyuma kimyakimya.

Sasa linganisha na nyuki wa Japani, wale wa asili ya kule, Apis cerana. Wao wameishi na mavu huyu miaka na miaka. Mpelelezi, yaani yule mavu wa kwanza, akifika na kuanza kupaka harufu wanainusa, badala ya kutoka kupigana wanarudi ndani, wanamwachia nafasi aingie mlangoni. Akishaingia nyuki mamia wanamrukia kwa pamoja wanamfunika anakuwa hayuko, unachoona ni tonge la nyuki. Hawamdungi. Wanatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, joto ndani ya lile tonge linapanda mpaka nyuzi 46 au 47 na hewa chafu ya pumzi zao inajaa humo ndani. Nyuki wenyewe wanavumilia mpaka karibu nyuzi 50, mavu hafiki huko. Tofauti ya nyuzi chache tu ndio inaokoa mzinga mzima, na kila nikilieleza hili nasikia heshima kwa wale wadudu wadogo. Mpelelezi akifia pale harufu haimfikii mtu, wenzake hawaji. Huko Vietnam kuna nyuki wa jamii hiyohiyo ambao wakishavamiwa na ndugu wa mavu huyu wanaokota kinyesi cha wanyama wanabandika kuzunguka mlango wa mzinga, na mavu anasita kusogea. Nyuki kwenda kuokota kinyesi! Lakini ndivyo ilivyo, imetazamwa na kuandikwa na watafiti 2020.

Mavu miguu njano yeye hafanyi mauaji ya namna ile. Anasimama hewani mbele ya mlango kichwa kikitazama nje, anawadaka nyuki wanaorudi na mizigo ya chavua, akimaliza mmoja anarudi kwa mwingine, na wenzake wako pembeni wanafanya hivyohivyo kutwa nzima. Wanaodakwa sio wengi kama unavyodhani, kinachoumiza ni kwamba nyuki wanaogopa kutoka. Wanajazana mlangoni, hawaendi kwenye maua, akiba haiingii, baridi inawakuta hawana chakula. Mfugaji anakuja kufungua mzinga umekufa njaa na hakuona vita yoyote.

Twende kwa binadamu sasa. Je wanaua watu? Ndio wanaua, sitakuficha. Mwaka 2013 katika mkoa wa Shaanxi, China, kati ya Julai na Oktoba watu zaidi ya 40 walikufa na zaidi ya 1,600 walijeruhiwa kwa kudungwa na mavu, na Japani kila mwaka kuna vifo vya watu wanaodungwa na nyuki, nyigu na mavu ukiwajumlisha wote. Lakini ukichunguza waliokufa walikufaje unakuta njia mbili tu, na kuzijua kutakusaidia kuliko kuogopa ukubwa wa mdudu.

Njia ya kwanza ni wingi wa sumu. Mavu hana ndoano kwenye mwiba kama nyuki, anadunga anachomoa anadunga tena, na mwiba wa mavu mkubwa una kama milimita 6, unapita kwenye nguo na hata suti ya kawaida ya nyuki. Mtu akikanyaga kiota ardhini au akigonga mti wenye kiota, wanatoka wengi. Madungo mengi yanaharibu misuli na chembe nyekundu za damu, uchafu wake unakwenda kuziba figo, na hii haionekani palepale. Mtu anaweza kufika nyumbani anaongea vizuri, kesho yake mkojo unatoka mwekundu au wa kahawia kama soda nyeusi, halafu unapungua. Kwa hiyo aliyedungwa mara nyingi, tuseme kuanzia kumi na kuendelea, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri, apimwe damu na mkojo, na kama ni mtoto au mzee usisubiri afike kumi.

Njia ya pili ni aleji, na hii haihitaji mavu kumi wala haihitaji mavu. Dungo moja la nyigu mdogo linatosha kumuua mtu ambaye mwili wake unaikataa ile sumu. Ndio maana nimesema mtoto wako kanishika zaidi.

Hebu kumbuka vizuri, aliumwa wapi? Kama aliumwa shavuni au karibu na jicho halafu uso ukavimba, hiyo ni uvimbe wa mahali alipodungwa, uso una ngozi laini unavimba kwa kutisha lakini mara nyingi unaisha siku kadhaa na sio dalili mbaya sana. Kama aliumwa mkononi au mguuni halafu uso ukavimba, hiyo ni habari nyingine kabisa, ina maana mwili mzima uliitika. Vilevile kama alitoka vipele vya kuwasha sehemu nyingi, au midomo na ulimi vilivimba, sauti ikakwaruza, alikohoa au kupumua kwa mluzi, alitapika, alilegea au alizimia. Hata kama ilipita yenyewe, mpeleke kwa daktari wa aleji apimwe, kuna kipimo cha ngozi na cha damu. Ikithibitika atapewa sindano ya adrenalini ya kutembea nayo, na kuna tiba ya kuuzoesha mwili sumu kidogokidogo kwa miaka kadhaa ambayo inafanya kazi vizuri sana kwa nyigu. Sumu ya nyigu na ya mavu zinafanana vya kutosha, mwili uliokataa moja unaweza kukataa nyingine, kwa hiyo kipimo hicho kina faida hata kama mavu hamtamwona maishani.

Na ikitokea tena dalili hizo, adrenalini ndio dawa, inachomwa pajani upande wa nje, mapema, sio baada ya kuangalia kwanza kama vidonge vya aleji vitasaidia. Mlaze chali miguu juu, kama anapumua kwa shida mwache akae, usimsimamishe ghafla wala kumtembeza, piga simu ya dharura. Akidungwa mdomoni au kooni nenda hospitali hata bila aleji maana uvimbe wa pale unaziba njia ya hewa, na ndio sababu watoto tunawakataza kunywa soda iliyoachwa wazi nje bila kuitazama ndani. Kwa dungo la kawaida osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Usihangaike kutafuta mwiba, mavu haachi mwiba.

Umeuliza ukimwona mmoja ufanyeje. Mmoja aliyetua kwenye utomvu wa mti au kwenye tunda hana haja na wewe, mavu akiwa mbali na kwao ni mdudu anayetafuta chakula. Usimpunge mikono, usimpige, rudi nyuma taratibu. Kiota ndio kitu cha kukikimbia. Ukiona wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la mti au ardhini, au mmoja anakuzunguka kichwani huku anagonganisha mataya yanatoa mlio wa kakaka, hilo ni onyo, uko karibu mno, ondoka ulikotoka bila kelele. Wakishatoka kundi usisimame kupigana, funika uso na kichwa, kimbia uingie ndani ya gari au nyumba ufunge mlango. Na nakuomba sana, usimwage petroli wala kuchoma kiota usiku ukiwa na tochi, watu wengi wamedungwa vibaya wakifanya hivyo, na suti yako ya nyuki haitoshi.

Piga picha ukiwa mbali, hata mbaya inasaidia, weka kitu cha kupimia ukubwa kama mdudu ameshakufa, andika mahali na saa na ameelekea upande gani, halafu toa taarifa kwa idara ya kilimo au wanaohusika na wadudu wavamizi ulipo. Upande alioruka ni wa maana kuliko picha yenyewe, maana mavu mwenye nyama mdomoni anarudi nyumbani kwa mstari ulionyooka.

Ila uwe na hakika kabla ya kutangaza. Habari za mavu huyu zilipovuma 2020 na lile jina la kutisha la nyigu wauaji, taarifa zilizomiminika kwa wataalamu nyingi zilikuwa za wadudu wengine, na watu wakawa wanaua kila kitu kinachovuma: nyuki wakubwa wenye manyoya, mavu wa Ulaya ambaye ana wekundu kifuani na ni mpole ukimwacha, na yule nyigu mkubwa anayewinda nyenje ambaye anaishi peke yake mchangani na ni nadra kumdunga mtu. Malkia wa nyuki mwenye manyoya ukimuua mwanzo wa msimu umeua kundi zima. Inaniuma sana hii kwa sababu tunaua wachavushaji kwa kuogopa adui wa wachavushaji. Jina lenyewe lilibadilishwa 2022 na chama cha wanasayansi wa wadudu cha Marekani, sasa anaitwa mavu mkubwa wa kaskazini.

Kwa mizinga yako, kama uko sehemu ambayo mavu miguu njano ameshafika, punguza mlango wa mzinga ubaki na nafasi ya nyuki kupita tu, milimita 5 na nusu hivi kwa kimo, na mbele yake weka kizimba cha waya chenye matundu ambayo nyuki anapita na mavu hapiti, inamsogeza mbali na mlango nyuki wanapata ujasiri wa kutoka. Mwisho wa msimu wa joto kaa nusu saa mchana mbele ya mizinga utazame tu. Mitego ya chupa za sukari usitundike ovyo bila kuelekezwa, inaua wadudu wengi wasio na hatia kuliko mavu. Na kama uko sehemu ambayo hajafika, kazi yako ni hiyo ya kutazama, basi.

Ila mizinga inaweza kusubiri. Kwanza mwulize mtoto siku ile alidungwa sehemu gani ya mwili, kama hakumbuki waulize waliokuwepo, na jibu uniandikie hapa kabla hujamruhusu kusogea tena kule nyuma kwenye mizinga.